WATU MASHUHURI WA KALE: Askofu Cyprian na Vyeti vya Kaisari

Karani ye yote ajua nguvu ya karatasi iliyotiwa sahihi. Mtu aweza kuwa mwaminifu maisha yake yote, lakini akisimama mbele ya meza bila cheti hasikilizwi. Na mwingine aweza kuwa mwongo, lakini akiwa na cheti mkononi hupita. Mwaka 250 baada ya kuzaliwa Kristo, serikali ya Warumi iliwadai watu wa nchi zake zote cheti cha namna ya pekee, nacho kilikuwa cheti cha ibada. Cheti hicho kililitikisa Kanisa la Afrika ya Kaskazini kuliko upanga. Na mtu aliyepewa kazi ya kulituliza alikuwa askofu ambaye mwenyewe alilaumiwa kwa kukimbia. Jina lake Cyprian.

Mji wake ulikuwa Carthage, katika pwani ya nchi iitwayo leo Tunisia. Siku zile ulikuwa mji mkubwa mno, wenye bandari, mahakama na viwanja vya michezo. Mashamba ya nchi ile yalikuwa na rutuba, na ngano na mafuta ya zeituni yalipakiwa katika merikebu ili kuwalisha watu wa Roma. Liwali aliyetumwa na Warumi alikaa huko, akihukumu kwa sheria za Kirumi na kwa lugha ya Kilatini.

Thascius Caecilius Cyprianus, maana hilo ndilo jina lake kamili, alizaliwa mwanzoni mwa karne ya tatu katika jamaa ya watu wenye mali. Alisoma sana, akawa mwalimu wa ufasaha, akiwafundisha vijana namna ya kunena mbele ya mahakimu. Kazi hiyo ilimpa heshima, naye alizoea karamu, mavazi mazuri na kusalimiwa na wakubwa. Lakini moyoni hakuwa na raha. Alipokwisha kuwa mtu mzima alifanya urafiki na kasisi mmoja mzee aitwaye Caecilius, naye huyo ndiye aliyemwongoza katika imani. Baadaye Cyprian aliandika jinsi alivyoona shaka hapo kwanza, akijiuliza yawezekanaje mtu aliyekwisha kukomaa katika desturi zake azaliwe tena. Alibatizwa kama mwaka 246, akatoa sehemu kubwa ya mali yake ili maskini wasaidiwe.

Miaka miwili au mitatu tu baadaye, watu wa Carthage walimtaka awe askofu wao. Makasisi watano hawakupendezwa, kwa kuwa aliyekuwa mwanafunzi jana alipewa kuwatawala leo. Lakini sauti ya watu ilishinda. Uchungu wa makasisi wale haukwisha siku ile. Ulikaa kimya kama moto ndani ya majivu, ukingoja upepo.

Upepo huo ulitoka Roma. Mwaka 249 jemadari aitwaye Decius alitwaa ukaisari. Dola ilikuwa katika taabu: adui walivuka mipaka ya kaskazini, na majeshi yaliinua makaisari na kuwaua. Decius aliona kwamba miungu ya wazee imeghadhibika kwa kuachwa, akatoa amri kwamba watu wote watoe sadaka kwa miungu, wamimine divai, waonje nyama ya sadaka. Katika kila mji na kijiji kilichaguliwa kikundi cha watu wa kusimamia jambo hilo, na kila aliyetii alipewa cheti.

Vyeti hivyo si hadithi. Zaidi ya arobaini vimeonekana katika mchanga wa Misri, vimeandikwa kwa Kiyunani juu ya karatasi za mafunjo, na cha kwanza kilichapishwa na wataalamu mwaka 1893. Kimoja ni cha mzee Aurelius Diogenes, mwana wa Satabous, mwenye umri wa miaka 72 na kovu katika nyusi ya kulia. Asema kwamba siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na kwamba sasa ametoa tena na kuonja nyama mbele ya wasimamizi. Kisha aomba watie sahihi. Tarehe yake ni 26 Juni 250. Kingine ni cha mwanamke Aurelia Ammonous, kuhani wa mungu aliyeabudiwa kwa mfano wa mamba. Hata kuhani wa miungu yenyewe alidaiwa karatasi! Basi msomaji aweza kuona jinsi amri ile ilivyofika kila mlango, na jinsi Mkristo alivyokosa pa kujificha. Jirani yake anacho cheti. Yeye cha kwake ki wapi?

Fabian, askofu wa Roma, aliuawa tarehe 20 Januari 250. Huko Carthage makutano walipiga kelele katika viwanja vya michezo kwamba Cyprian atupwe kwa simba. Cyprian hakungoja. Alitoka mjini kwa siri, akajificha mahali ambapo rafiki zake tu walipajua, na serikali ikatangaza kwamba mali yake imechukuliwa.

Jambo hili lilileta maneno mengi. Makasisi wa Roma, ambao askofu wao alikuwa amekufa kishujaa, waliandika waraka kwa makasisi wa Carthage, wakagusia habari za mtu wa mshahara aonaye mbwa mwitu anakuja, akawaacha kondoo. Waraka huo ulifika mikononi mwa Cyprian. Haukuwa na jina la mwandishi wala la waandikiwa. Cyprian aliurudisha Roma kama ulivyo, akawaomba waangalie kama kweli umetoka kwao, kwa maana alitia shaka juu ya mwandiko, na maneno, na hata karatasi. Jibu hilo lilikuwa la adabu, lakini lilikuwa na makali yake.

Je, alikuwa mwoga? Yeye mwenyewe alijitetea kwamba kuwako kwake mjini kungaliongeza ghasia, na wengi wangaliumia kwa ajili yake. Na kweli kazi yake haikukoma. Kutoka mafichoni alituma barua nyingi, na fedha kwa wajane, wagonjwa na wafungwa, akiwaagiza mashemasi wawaangalie wote wasiojiweza. Hata hivyo aliyekuwa gerezani akiona njaa na kiu aliweza kuuliza: askofu wetu yu wapi? Swali hilo Cyprian alilibeba miaka minane.

Wakati huo jambo la kusikitisha lilitokea mjini. Wakristo wengi hawakungoja hata kukamatwa. Cyprian aandika kwamba walikwenda mbio sokoni kutoa sadaka, na ilipokuwa jioni mahakimu wakataka kuwaahirisha hata kesho, wao wakawasihi wasiwaahirishe. Wazazi waliwaleta watoto wao wachanga mikononi. Wengine walitoa sadaka, wengine walifukiza ubani tu. Tena kulikuwa na namna ya tatu: watu wenye hila, waliotoa fedha kwa wakubwa wakapata cheti bila kutoa sadaka yo yote. Hao walijisemea kwamba mikono yao ni safi. Hawakula nyama ya sanamu; wamenunua karatasi tu.

Hapo ndipo penye fumbo la habari hii. Je, mtu aliyetia jina lake katika uwongo, ili aokoe mali yake na watoto wake, amemkana Bwana wake au hakumkana? Cyprian alijibu kwamba amekosa, kwa kuwa cheti kile ni ungamo, na asemaye kwa karatasi amesema. Lakini alikataa vilevile kusema kwamba makosa yote ni sawasawa. Aliyekwenda mbio kwa hiari yake si sawa na aliyeteswa hata mwili ukashindwa. Na aliyetoa sadaka peke yake ili mkewe na watoto wasiguswe si sawa na aliyewakokota jamaa zake wote pamoja naye. Hakimu mwema, kwa fikira zake, hupima.

Mateso yalipopungua, walioanguka walitaka kurudi, nao walitafuta njia fupi. Kulikuwa na Wakristo waliokuwa wamefungwa kwa ajili ya imani, nao waliheshimiwa kupita kiasi. Basi walioanguka waliwaendea kuwaomba barua za kuwaombea amani kwa Kanisa. Baadhi ya wafungwa walitoa barua hizo bila kuangalia. Nyingine ziliandikwa kwamba mtu fulani apokewe pamoja na watu wake, bila kuwataja wala kuwahesabu, hata ikawa watu ishirini au thelathini waweza kupita kwa karatasi moja. Hivyo cheti cha kuanguka kiliondolewa kwa cheti cha kusimama, na katikati hapakuwa na toba. Makasisi wale wa zamani waliokuwa na kinyongo wakawapokea watu hao upesi, ili askofu aonekane mgumu.

Upande wa pili walikuwako watu waliosema kwamba aliyeanguka asipokewe kamwe, hata akilia mpaka kufa. Kiongozi wao huko Roma alikuwa kasisi Novatian, mtu mwenye elimu kubwa, ambaye mwaka 251 alijifanya askofu kumpinga Cornelius aliyechaguliwa.

Cyprian alirudi mjini baada ya Pasaka ya mwaka 251, akakutana na maaskofu wenzake wa Afrika katika baraza. Walishika njia ya katikati. Walionunua vyeti, kila mmoja habari yake ichunguzwe, na wenye toba wapokewe. Waliotoa sadaka waendelee na toba yao, nao wapewe amani wakati wa kufa. Baadaye, ilipoonekana kwamba mateso mengine yanakaribia, baraza liliwaruhusu wenye toba wote wapokewe. Maaskofu waliona kwamba askari asiyepewa silaha hawezi kuamriwa kwenda vitani.

Hakuna aliyefurahi kabisa. Wapole walimwona mkali, na wakali walimwona mpole. Lakini watu waliokuwa wametawanyika walikuwa na mahali pa kurudi.

Kisha yakaja maradhi makubwa, ambayo wanahistoria wa leo huyaita kwa jina la Cyprian mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika dalili zake kwa uwazi: kuhara kusikokoma, kutapika, vidonda vya koo, macho mekundu kama damu, na wengine waliopona waliachwa viziwi au vipofu. Shemasi Pontius, aliyeandika maisha ya Cyprian, asimulia kwamba watu waliwakimbia ndugu zao, na maiti zililala njiani. Cyprian aliwakusanya Wakristo, akawafundisha kwamba kuwahudumia watu wa kwao tu si ajabu. Wawahudumie na wale waliowatesa. Basi waligawana kazi, wenye mali wakitoa fedha, na maskini wakitoa jasho lao.

Karibu na wakati ule ule, washenzi walishambulia Numidia, upande wa magharibi, wakateka Wakristo wengi, wanaume kwa wanawake. Maaskofu wanane wa huko walimwandikia Cyprian. Watu wa Carthage walichanga sesterti 100,000 kwa ajili ya kuwakomboa. Cyprian alipeleka fedha hizo pamoja na orodha ya majina ya waliotoa, ili wakumbukwe katika sala. Nayo ilikuwa karatasi yenye majina; lakini katika hii hakuna aliyeona haya kuandikwa.

Mwaka 257 Kaisari Valerian alianza mateso mapya, na safari hii amri iliwataja viongozi wa Kanisa. Tarehe 30 Agosti Cyprian aliitwa mbele ya liwali Aspasius Paternus, naye hakujificha. Alikiri kwamba yeye ni Mkristo na askofu. Liwali alipomtaka ataje majina ya makasisi wake, alikataa, akamkumbusha kwamba sheria za Warumi wenyewe zakataza uchongezi. Wakitafutwa, wataonekana mahali pao. Liwali akamhamisha hata Curubis, mji mdogo wa pwani. Pontius, aliyefuatana naye, asimulia kwamba huko Cyprian aliota amesimama mbele ya liwali, na hukumu yaandikwa, naye akaomba siku moja ya kutengeneza mambo yake. Siku ile ya ndoto, asema Pontius, ikawa mwaka mzima.

Mwaka 258 ilitoka amri ya pili, kali zaidi: maaskofu, makasisi na mashemasi wauawe mara moja. Tarehe 6 Agosti askofu wa Roma, Sixtus, aliuawa pamoja na mashemasi wake. Cyprian alikuwa amerudishwa Carthage, akikaa katika bustani yake. Watu wakubwa, hata wasio Wakristo, walimsihi akimbie, wakampa mahali pa kujificha. Alikataa. Lakini aliposikia kwamba askari wanakuja kumpeleka Utica, alikokuwa liwali mpya Galerius Maximus, aliondoka kwa muda, kisha akaandika barua kueleza sababu. Hakutaka kufia Utica. Yampasa askofu, alisema, kumkiri Bwana katika mji ule anaouongoza, kwa maana neno analolinena saa ile hulinena kwa kinywa cha watu wake wote. Liwali aliporudi Carthage, Cyprian naye alirudi bustanini, akangoja.

Walimjia tarehe 13 Septemba, maofisa wawili, wakampandisha garini katikati yao. Kesi iliahirishwa hata kesho, akalala katika nyumba ya ofisa mmoja. Habari ilienea mjini, na watu walikuja kukesha mlangoni. Usiku ule, aliyekuwa karibu kufa aliagiza kwamba wasichana waliomo katika mkutano walindwe.

Asubuhi jua lilikuwa kali, na mwendo ulimfanya atoke jasho hata nguo zikalowa. Alipokuwa ameketi akimngoja liwali, askari mmoja alimkaribia, akataka kumpa nguo zake zilizo kavu. Pontius ataja juu ya askari huyu kwamba zamani alikuwa Mkristo. Cyprian alimjibu kwa upole kwamba haifai kutafuta dawa ya taabu ambayo labda itakwisha leo. Jina la askari halikuandikwa. Lakini miongoni mwa walioanguka, huyu mmoja alisimama karibu na askofu wake siku ya mwisho, akataka kumsaidia kwa kadiri alivyoweza.

Mahojiano yalikuwa mafupi. Liwali aliuliza jina lake, akamwambia kwamba makaisari wameamuru atoe sadaka. Cyprian alisema hafanyi. Liwali alimtaka afikiri. Cyprian alimjibu afanye kama alivyoamriwa, kwa kuwa katika jambo lililo wazi hivi hakuna haja ya kufikiri. Galerius Maximus, ambaye afya yake ilikuwa mbaya, alishauriana na wazee wake, akasoma hukumu katika kibao: Cyprian auawe kwa upanga. Cyprian alimshukuru Mungu. Watu wakapiga kelele kwamba na wao wakatwe vichwa pamoja naye.

Walimpeleka katika uwanja uliozungukwa na miti, na wengine walipanda mitini ili waone. Alivua joho lake, akapiga magoti akasali. Aliyekuja na upanga, Cyprian aliagiza apewe sarafu 25 za dhahabu. Ndugu walitandaza vitambaa mbele yake. Alijifunga macho mwenyewe; lakini mikono hakuweza kujifunga, nao Julian kasisi na Julian shemasi mdogo wakamfunga. Ndivyo alivyokufa tarehe 14 Septemba 258. Usiku watu walimchukua kwa mishumaa na mienge, wakamzika, na hakuna aliyewazuia. Siku chache baadaye liwali naye akafa.

Mwaka 260 Valerian alitekwa na Waajemi, na mwanawe Gallienus akawarudishia Wakristo makanisa yao. Mahali alipouawa Cyprian na mahali alipozikwa palijengwa makanisa baadaye, na Augustine alihubiri huko. Kanisa Katoliki humkumbuka tarehe 16 Septemba pamoja na Cornelius wa Roma.

Watu wengi hupenda habari za shujaa asiyewahi kurudi nyuma hata hatua moja. Cyprian hakuwa wa namna hiyo. Mwaka 250 aliondoka, na mwaka 258 alikaa. Na mara zote mbili alijiuliza neno moja tu, yaani lipi litawafaa watu aliopewa kuwachunga. Kwa sababu alijua maana ya kulaumiwa, hakuwafungia mlango walioanguka. Na kwa sababu alijua thamani ya neno la mtu, hakuwadanganya kwamba cheti cha uwongo ni karatasi tu. Vyeti vya Kaisari vilitiwa sahihi na wasimamizi, vikahifadhiwa, kisha vikafunikwa na mchanga. Ungamo la Cyprian halikuwa na cheti. Lilisemwa kwa kinywa, mchana, mbele ya watu waliomjua, na wao ndio waliokuwa mashahidi wake.